Wimbo wa kutongozana kwa watoto wa primeri: mnaupima namna gani?

Mwalimu_Ndosho (Goma)
Jambo wote. Proklamasyo, siku ya kutangaza matokeo ya shule, inakaribia. Tuko na watoto 24 wa darasa la tatu na la nne primeri, na wimbo wa kuchezea wamejichagulia wenyewe: bongo fleva, kiitikio cha Kiswahili, halafu mwishoni Kilingala cha kasi. Tusi hakuna hata moja. Ila mwimbaji anamwita mtu aje usiku, anamwambia mlango ameuegesha tu, atampa "tamu". Wazazi wengine wanasema ni mapenzi ya kawaida, redio inaupiga mchana kutwa. Kwenye Spotify hauna alama ya E, ile ya kuonya kwamba maneno ni machafu. Direkta anataka jibu Ijumaa. Mnatumia kipimo gani? Na nikikata pabaya, unafaa?

Mama_Kwaya_Kadutu (Bukavu)
Mwalimu, hiyo E usiiegemee. Alama hiyo inatoka kwa wenye wimbo wenyewe au wasambazaji wao wanapoupandisha, na inawekwa hasa kwa matusi na maneno ya wazi. Fumbo la Kiswahili linapita bila kuguswa. Wala usingoje serikali ikuchagulie. Kinshasa kuna komisyo ya kukagua nyimbo na maonyesho, lakini haikupangii wimbo upi ni wa miaka 8 na upi wa 15. Wimbo wa kundi la muziki la MPR waliouzuia Novemba 2021, kizuizi kikaondolewa baadaye, ulikuwa wa kulalamikia maisha, wala si wa mapenzi.

Fanya hivi. Vaa ekuta (spika za masikioni), zima video, andika maneno yote kwa mkono, ukisimamisha kila mstari. Ukisikiliza tu, mdundo unakubeba na nusu ya maneno yanakupita. Kisha pembeni ya kila mstari andika: nani anasema, anamwambia nani, anamwomba nini. "Nakupenda, nakukumbuka, umependeza" mtoto anaweza kuimba mbele ya bibi yake na hakuna atakayeinamisha kichwa. "Njoo usiku, zima taa" hapana.

Wengi wanakosea kwa kuhesabu viuno na kusahau siri. Mstari wa "wasijue nyumbani" au "usimwambie mama" mimi nauona mbaya kuliko wa kusifia umbo. Tunawafundisha watoto kwamba mkubwa akikuambia ufiche jambo, nenda ukaseme. Huwezi kuwafundisha hivyo Jumatatu, na Jumanne ukawaimbisha kinyume chake.

Tena tazama mstari unakaa wapi. Ubeti unapita mara moja. Kiitikio kinarudi mara tatu au nne, na ndicho mtoto anachobeba hadi nyumbani. "Tamu" yako iko kwenye ubeti au kwenye kiitikio?

Kilingala cha mwishoni usikiache. Hapo ni sebene, sehemu ya kasi ya kuchezea; atalaku, yule mpiga makelele, anachezesha watu, na utani mchafu mara nyingi unajificha humo. Kilingala cha kanisani hakitakusaidia: mtafute kijana anayejua Kilingala cha mtaani cha Kinshasa, akuelezee mstari kwa mstari.

Papa_Himbi (Goma)
Mnajisumbua bure. Watoto wanausikia kwenye teksi, kwenye arusi, kwa jirani. Mukiukataza ndiyo utawanogea.

Mama_Kwaya_Kadutu
Papa, kukataza hatujakataza. Kusikia kwenye teksi ni jambo moja. Mwalimu kuwafundisha wiki nzima, kuwashonea nguo na kuwasimamisha mbele ya wazazi ni kuupiga muhuri wa shule. Na mtoto akiuliza maana ya "tamu" wakati wa mazoezi, mwalimu atajibu nini? Kama jibu halisemeki darasani, wimbo haukai darasani.

Sono_Kenya (Lubumbashi)
Juu ya kukata: inategemea kilipo kibaya. Kama ni ubeti mmoja au sebene, inafanyika. Kama ni kiitikio, acha, hautaokoka.

Kosa namba moja ni kunyamazisha neno tu. Watoto wanalijua, kwa hiyo likinyamaza wanalipiga kwa sauti wao wenyewe, na sasa ukumbi mzima umelisikia vizuri kuliko awali. Ala tupu nayo ni vilevile: mdundo ukibaki, maneno yanarudi midomoni. Ondoa kipande kizima.

Tumia Audacity, ni ya bure. Kata kwa hesabu ya mizunguko ya ngoma, usikate kwa sekunde za kukisia. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika una sekunde 0.6 kwa kila pigo. Mzunguko wa mapigo manne ni sekunde 2.4, na mizunguko minane ni sekunde 19.2. Toa minane au 16 kamili, kuanzia dundo la kwanza la ngoma kubwa hadi dundo la kwanza la kipande kinachofuata. Ukikata katikati ya mzunguko, watoto wanajikuta mguu wa kushoto mahali pa kulia, na mstari mzima unavurugika. Ukisikia "tak" kwenye kiungo, changanya ncha mbili kwa milisekunde 10 hivi. Wimbo wa dakika mbili na nusu unawatosha umri huo.

Halafu uweke kwenye kle, yaani flashi ya USB. Ukipigia YouTube kutoka telefone, tangazo linaingia katikati, au wimbo unaofuata unaanza wenyewe, na huo ndio hukuukagua kabisa. Kle iwe ya muundo wa FAT32, bafle (spika) nyingi hazisomi muundo wa NTFS.

Mwalimu_Ndosho
Asanteni. Mama, iko kwenye kiitikio, na inarudi mara nne. Basi tunaubadilisha. Shida ni kwamba hatua wameshazishika.

Mama_Kwaya_Kadutu
Hizo hatua nazo, wamezitoa kwenye klipi? Ziangalie bila sauti. Wimbo safi kabisa unaharibika kwa kukata kiuno ukimgeuzia mtazamaji mgongo, kulala chini, kulamba midomo. Wao wanaiga walichoona, hawajui kinachosemwa. Huna haja ya kumgombeza mtu: hamisha mchezo kutoka kiunoni, uupeleke mabegani, mikononi, kwenye miguu na kwenye kuruka. Mpe kila mmoja kitambaa mkononi. Mikono ikiwa na kazi, kiuno kinatulia chenyewe.

Na usiwaambie "chagueni wimbo mwingine" hivyo tu, watakuletea ndugu yake huyuhuyu. Waletee mitatu uliyokwisha kuiandika maneno, wapige kura.

Sono_Kenya
Na hiyo mitatu iwe na kasi moja na ule wa kwanza, hatua hazitapotea. Hesabu mapigo ya ngoma kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Tofauti ya mapigo matatu au manne kwa dakika hawataisikia. Ikizidi 10, wadogo wataanza kukimbiza ngoma, huo uache. Ikiwa katikati ya hapo, tumia sehemu ya Audacity ya kubadilisha kasi bila kugusa sauti, usivuke asilimia tano, la sivyo mwimbaji anaanza kukwaruza.

Papa_Himbi
Sawa, nimeelewa hiyo ya muhuri. Mwalimu, vitambaa vya watoto 24 mnavitoa wapi? Mke wangu anashona, nitamwambia aweke vipande pembeni.