Ushauri: nataka shilingi 120,000 kufikia Desemba nifungue kibanda cha pili, lakini mpango hufa kila mwaka

ChapoKawangware:
Hamjambo wadau. Nina kibanda cha chapati na maharagwe hapa Kawangware, Nairobi, siku 26 kwa mwezi. Kwa siku nauza kama 6,000: chapati 150 za 20, na sahani 60 za maharagwe za 50. Bidhaa zinakula 3,000, mkaa na maji 600, msaidizi 700. Kodi ya kibanda ni 7,800 kwa mwezi, na nyumbani napeleka 1,000 kila siku ya kazi. Nataka kuweka 120,000 kuanzia Machi hadi Desemba nifungue kingine Kangemi. Kila Januari naandika lengo, ikifika Mei sina kitu. Ni nidhamu nimekosa ama ni nini?

HesabuKwanza:
Dada, usijilaumu bado, shika kalamu. 120,000 kwa miezi 10 ni 12,000 kwa mwezi, yaani 462 kila siku ya kazi. Sasa toa bidhaa, mkaa, maji na msaidizi: zinabaki 1,700. Kodi ya kibanda ni 300 kwa siku, zinabaki 1,400. Halafu kuna kitu hukuandika. Mauzo yako yanapita milioni 1.8 kwa mwaka, na ukishapita milioni 1 unadaiwa kodi ya mauzo. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3, tena ya mauzo yote wala si ya faida, na hulipwa KRA (mamlaka ya mapato) kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hiyo ni 180 kwa siku. Toa 1,000 ya nyumbani, umebaki na 220.

Unataka 462 kutoka kwa 220. Mpango huo ulikufa siku ulipouandika, nidhamu haina kosa. Pengo ni 242 kwa siku, na hilo ndilo la kushughulikia kwanza. Unatumia pakiti ngapi za unga, na donge la kila chapati unapima?

ChapoKawangware:
Pakiti 6 za kilo 2, nanunua 170. Sipimi, nakata kwa jicho.

JikoniTu:
Basi pesa yako iko kwenye ubao wa kukatia. Kilo 2 za unga, maji kama lita 1.2, mafuta na chumvi, zinakupa kinyunga cha takriban kilo 3.3. Ukitoa chapati 25 kwa pakiti, kila donge lina gramu 130 na zaidi. Kwa gramu 110 unapata 30, na zile 150 zinatoka kwa pakiti 5. Hiyo ni 170 kwa siku imerudi. Usishuke kwa siku moja, wateja wataona: wiki ya kwanza 125, kisha 118, kisha 110, na uisukume kwa upana uleule. Nunua mizani ndogo ya jikoni, pima kila donge mpaka mkono uzoee.

Pengo limebaki 72. Sahani ya maharagwe ikikugharimu 22, sahani 3 zaidi kwa siku zinatosha hata baada ya kodi ya mauzo. Na ukienda kununua maharagwe soko la Nyamakima nunua kwa kilo. Gorogoro (kopo la kupimia) lililobonyea chini linakula faida yako kimyakimya.

MamaDaftari:
Nakubaliana na hesabu, ila 12,000 sawasawa kila mwezi itakuvunja moyo. Aprili na Mei ni mvua, watu wa mjengo hawaji kazini, na Mei kuna karo. Agosti shule zinafunguliwa tena. Katikati ya Desemba Kawangware inahamia ushago, yaani mashambani. Panga hivi: Machi 13,000, Aprili na Mei 9,000 kila mmoja, Juni na Julai 14,000, Agosti 11,000, Septemba 13,000, Oktoba na Novemba 15,000, Desemba 7,000. Jumla ni 120,000 ileile.

Pesa itoke jioni hiyohiyo, kabla hujafunga kibanda. Kuhamisha kutoka M-Pesa kwenda M-Shwari (akiba ya kwenye simu) hakukatwi, na kuna akaunti ya kufunga hadi miezi 6. Ile 180 ya kodi iweke mbali na akiba. Kila Jumapili andika namba tatu tu: mauzo, pakiti za unga, akiba. Pakiti zikirudi 6, unajua tatizo liko wapi kabla ya mwezi kuisha. Na chakula ulichokopesha usikiandike kama mauzo mpaka kilipwe, maana hicho ndicho huwafanya watu waone faida isiyokuwepo mfukoni.

HesabuKwanza:
Hiyo 120,000 yenyewe umeigawaje?

ChapoKawangware:
Kibanda cha mabati 45,000, jiko na sufuria 25,000, gudwili (ya kuachiwa nafasi na mpangaji anayetoka) na kodi ya kwanza 35,000. Zinabaki 15,000.

HesabuKwanza:
15,000 haitoshi, dadangu. Kibanda kama chako kinakula 4,300 kwa siku kwa bidhaa, mkaa na mshahara, na wiki mbili za kwanza wateja hawajakuzoea. Tena kuna leseni ya kaunti, na cheti cha afya cha kila anayeshika chakula, ambacho hufanywa upya kila miezi 6. Kwenye gudwili ndipo utakapopunguza: omba kulipa kwa awamu mbili, kwa maandishi, na mwenye ploti mwenyewe awepo. Ukimlipa mpangaji anayetoka peke yake, mwenye ploti anaweza kukataa kukutambua na huna pa kudai.

ChapoKawangware:
Nimeazima mizani leo asubuhi. Donge dogo lilikuwa gramu 105, kubwa 150.

JikoniTu:
Viringisha kinyunga kiwe mkia mrefu wa unene mmoja, ndipo ukate kwa kisu. Ukimega kwa mkono hutapata 110 mara mbili.