Naomba ushauri: kutafuta hadithi, nyota na kaunta ya wasomaji
Wakuu habari, nipo Mwanza, mimi na wenzangu tunatunza hazina ya hadithi za Kiswahili mtandaoni, nyingi za watu wa huku kanda ya ziwa, Ukerewe, Sengerema mpaka Musoma. Shida kubwa ni kutafuta. Mtu akiandika mvuvi hapati hadithi yenye wavuvi, akiandika kuzama haletewi alizama wala walizama, maana programu inalinganisha herufi tu na Kiswahili chetu kinabadilika sana mwanzoni mwa neno, sasa nawaza kuvunja maneno vipande vya herufi 3 3 ila naogopa itamwaga takataka nyingi, nani kashajaribu?

Halafu nyota ambazo wasomaji wanazipigia hadithi. Hadithi yenye kura 1 ya nyota 5 inakaa juu ya yenye kura 100 na wastani wa 4.5, inaniuma kweli, waandishi wazuri wanafunikwa. Nataka kila hadithi ianze na kura kadhaa za kudhaniwa zenye wastani wa hazina nzima, ziwe ngapi?

Kaunta nayo inahesabu hata roboti (programu zinazopitia kurasa zenyewe) na mtu akirifreshi. Nikihesabu IP moja (namba ya muunganisho wa intaneti) mara moja kwa siku, si wanachuo wa waifai moja wataonekana mtu mmoja? Nisaidieni jamani, hasa hiyo ya kutafuta.