Fomula ninazijua, lakini uamuzi kuhusu mashine ya mama unanishinda

Mwanafunzi wa Nakawa:

Salamu kwenu nyote. Nasoma mwaka wa pili wa diploma ya biashara hapa Kampala, na muhula huu tuna somo la kutumia lahajedwali, yaani programu ya majedwali ya hesabu kama Excel, katika kufanya maamuzi ya biashara. Kujumlisha, kutafuta wastani, kuchuja orodha na kuchora grafu nimeshajifunza, na majaribio ya maabara ya kompyuta nayapita vizuri. Kinachonishinda ni swali ambalo mwalimu wetu huliweka mwisho wa kila zoezi: mwenye biashara afanye nini? Hapo nakwama, kwa sababu jedwali langu huwa limejaa namba lakini halinijibu.

Kazi tuliyopewa sasa ni kuchukua biashara halisi na uamuzi mmoja unaomkabili mwenyewe. Nimechagua biashara ya mama yangu aliyeko Bweyale. Hununua mahindi, huyasagisha kwenye mashine ya mtu mwingine kwa shilingi 200 kila kilo, kisha huuza unga wa posho kwa shule na maduka. Kwa wastani husagisha kilo 7,000 kwa mwezi. Sasa anafikiria kukopa shilingi 12,000,000 anunue mashine yake, mkopo wa miezi 24 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Tulikaa kwenye simu tukapiga hesabu kwamba akisaga mwenyewe, umeme na matengenezo vitakula shilingi 90 kwa kilo, na kila mwezi atatoa 400,000 kwa ajili ya kijana wa mashine na kodi ya chumba.

Nilipotumia fomula ya PMT kutafuta malipo ya mkopo, nilipata karibu shilingi 2,900,000 kwa mwezi. Najua haiwezekani mkopo wa milioni 12 ulipwe kwa karibu milioni 70, lakini nimeipitia fomula mara tatu na sioni kosa. Naomba mnisaidie mambo mawili: nimekosea wapi, na jedwali la namna hii hupangwaje hadi litoe jibu ambalo mama anaweza kulitumia?

Mwalimu wa Mbale:

Binti yangu, kosa ni la kawaida sana, na umefanya vyema kuitilia shaka namba hiyo badala ya kuikubali kwa kuwa imetoka kwenye kompyuta. Umeipa PMT riba ya mwaka na idadi ya miezi kwa pamoja, nayo ikadhani kwamba kila mwezi mama anatozwa asilimia 24. Riba na vipindi lazima viwe vya kipimo kimoja. Gawanya 24 kwa 12, weka asilimia 2 kwa mwezi na vipindi 24, utapata shilingi 634,453. Jibu litatokea likiwa hasi kwa sababu programu huhesabu fedha inayotoka mfukoni kuwa hasi, usishtuke.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo kubwa. Dan Bricklin alipata wazo la lahajedwali la kompyuta mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, baada ya kuona jinsi kubadilisha namba moja ubaoni kulivyolazimisha kufuta na kuandika upya hesabu zote zilizoifuata. Mwaka 1979 yeye na Bob Frankston walitoa VisiCalc. Nakueleza haya ili uone kwamba chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya mtu anayeuliza "na ikiwa vinginevyo?", na jedwali lisiloweza kuulizwa hivyo ni daftari tu lililopigwa chapa.

Kwa hiyo anza kwa kutenga eneo la makadirio juu ya ukurasa. Kila namba uliyoitaja kwenye ujumbe wako, yaani 200, 90, 400,000, 7,000, 12,000,000, asilimia 24 na miezi 24, ipate seli yake na maelezo yake pembeni, na uipake rangi moja, tuseme njano. Chini yake kusiwe na namba yoyote iliyoandikwa kwa mkono, bali fomula zinazorejelea seli za njano. Ukiona fomula yako ina 200 ndani yake, umeshaifunga, na siku bei itakapobadilika hutakumbuka kuifungua. Unaponakili fomula kwenda safu nyingine, linda marejeo ya seli hizo kwa alama ya dola, kwa mfano $B$2, la sivyo yatahama pamoja na fomula.

Baada ya hapo tafuta kiasi ambacho kinamrudishia mama gharama zake. Kila kilo atakayoisaga mwenyewe inamwokolea 200 kutoa 90, yaani shilingi 110. Gharama zisizobadilika kwa mwezi ni 400,000 na malipo ya mkopo 634,453, jumla 1,034,453. Gawanya kwa 110, utapata takriban kilo 9,404. Mama anasagisha 7,000. Zinapungua kama 2,404, na hapo ndipo jedwali linaanza kuzungumza nawe: je, majirani wanaweza kuleta kilo hizo? Kilo ya jirani anayelipa 200 nayo inamwachia 110 zilezile.

Kisha iguse seli moja baada ya nyingine uone ipi inatikisa jibu zaidi. Ukipandisha gharama ya kilo kutoka 90 hadi 120, kiasi kinachohitajika kinaruka hadi karibu kilo 12,931. Shilingi 30 tu, lakini zinadai kilo zaidi ya 3,500 kila mwezi! Mwambie mama kwamba kabla ya kujadili bei ya mashine, aende kwa mwenye mashine anayeijua, aulize Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ya mwezi mzima inamgharimu kiasi gani na amesaga kilo ngapi. Namba hiyo ndiyo inayostahili nauli.

Mhasibu wa Jinja:

Namheshimu Mwalimu na mpangilio aliouonyesha ndio ninaotumia ofisini kila siku, lakini naona amejibu swali moja kati ya mawili. Kilo 9,404 zinatuambia kama mama ataweza kulipa mkopo kutokana na mashine pekee. Hazituambii kama mashine ina faida. Mkopo unakwisha baada ya miezi 24, nayo mashine ikitunzwa inaendelea kusaga. Baada ya mkopo, gharama zisizobadilika zinashuka hadi 400,000, na kilo zinazohitajika ni takriban 3,637 tu, ambazo mama anazipita kwa mbali.

Tuseme mashine itadumu miaka 8. Kwa kilo 84,000 kwa mwaka, anaokoa 9,240,000, anatoa 4,800,000 za kijana na chumba, anabaki na 4,440,000 kila mwaka. Ukitumia NPV, fomula inayogeuza fedha za miaka ijayo kuwa thamani yake ya leo, kwa kiwango kilekile cha asilimia 24, kisha ukatoa milioni 12 za ununuzi, thamani halisi ya leo ni chanya, takriban shilingi milioni 3.2. Hapa pana mtego ambao nimeona wahitimu wengi wakinaswa nao: fomula ya NPV huchukulia kwamba fedha ya kwanza kwenye orodha inapatikana mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Ukiingiza milioni 12 za kununulia ndani ya orodha, nazo zinapunguzwa thamani kana kwamba zitalipwa mwakani, na utapata kama milioni 2.6. Orodha ya NPV ianze na mwaka wa kwanza, na gharama ya ununuzi uitoe nje ya mabano.

Kwa hiyo mashine inaweza kuwa na faida na wakati huohuo ikamwangusha mama ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Haya mawili yawekwe kwenye kurasa mbili za faili moja, zote zikisoma makadirio yaleyale.

Jambo jingine ni dogo kwa maandishi lakini kubwa mfukoni. Dada, uliza riba hiyo inakokotolewaje. PMT huchukulia kwamba riba inatozwa kwenye salio linalopungua. Wapo wakopeshaji wanaotoza riba juu ya mkopo wa awali hadi siku ya mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Kwa utaratibu huo malipo ni 500,000 za mkopo na 240,000 za riba, yaani 740,000 kwa mwezi, na kilo zinazohitajika zinapanda hadi karibu 10,364. Asilimia inayotangazwa ni ileile 24.

Msomaji wa Gulu:

Nyongeza fupi kuhusu kukagua. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala kuhusu deni la serikali na ukuaji wa uchumi, ikanukuliwa sana na watunga sera. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst aliyekuwa akirudia hesabu hizo kama kazi ya darasani, alilipata faili lao la Excel akaona fomula ya wastani imeishia safu ya 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje. Hilo halikuwa tatizo pekee alilolibaini, lakini ndilo linalotuhusu sisi.

Ninyi mnaoongeza safu mpya chini ya orodha kila wiki, bofyeni mara mbili seli ya jumla mtazame mpaka wa rangi unaozunguka namba zinazohesabiwa. Pia namba iliyobandikwa kutoka kwenye ujumbe wa simu mara nyingine huingia kama maandishi. Huegemea kushoto, na jumla huiruka bila kusema lolote. Asiye na Excel atumie LibreOffice Calc, haiuzwi, na karibu kila kilichoelezwa hapa kinafanyika humo.

Mwanafunzi wa Nakawa:

Mwalimu, Mhasibu na ndugu yangu wa Gulu, asanteni sana. Nimelipanga upya jedwali lote jana usiku, na 634,453 imetokea kama Mwalimu alivyosema.

Lakini nilipompigia mama ili nihakikishe zile kilo 7,000, alilifungua daftari lake na kunisomea mwezi kwa mwezi. Wastani ni sahihi, ila hakuna mwezi hata mmoja uliokuwa na kilo 7,000. Miezi minne ya mavuno hufika kama kilo 12,000, na miezi minane iliyobaki ni kama 4,500. Nikaibadilisha seli moja ya njano kuwa safu wima ya miezi 12. Katika mwezi wa mavuno, baada ya kulipa kila kitu, zinabaki shilingi 285,547. Katika mwezi wa kawaida zinapungua 539,453, na kwa mwaka mzima pengo ni 3,173,436. Wastani ulikuwa umenificha miezi minane ambayo mama angelazimika kutoa fedha za kununulia mahindi ili alipe mkopo.

Nilimsomea mama namba hizo polepole. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama jedwali linaweza kuonyesha mkopo wa miezi 36. Nilibadilisha seli moja tukiwa bado kwenye simu: malipo yakashuka hadi takriban 470,794, na pengo la mwaka likabaki kama milioni 1.2. Akasema hilo huenda akaliziba kwa mahindi ya majirani wa barabara ya Gulu, ambao sasa hutembea mbali kwenda kusagisha.

Jumatatu atakwenda kwa mkopeshaji na maswali mawili: riba inatozwa juu ya mkopo wa awali au juu ya salio, na je, malipo yanaweza kufuata misimu, makubwa wakati wa mavuno na madogo miezi mingine? Nimeziacha seli mbili za njano tupu, zikisubiri majibu yake.