Albamu ya pili, ya kimya: Iron & Wine au José González?

Mtu wa Malindi
Asalaam alaykum. Usiku wa kesho napanda meli kutoka Unguja kwenda Mkoani, Pemba, na bando lililobaki linatosha kushusha albamu moja tu. Nataka gitaa na sauti ya chini, basi. Zimebaki mbili, zote ni albamu ya pili ya msanii: Our Endless Numbered Days ya Iron & Wine (2004) na In Our Nature ya José González (2007). Nimesoma wahakiki nikazidi kuvurugika. Yule kasifiwa kwa kubadilika, huyu kalaumiwa kwa kutobadilika. Nishushe ipi?

Fundi Spika
Iron & Wine, wala usijiulize. Jina la bendi, lakini mwenyewe ni mtu mmoja, Sam Beam. Albamu ya kwanza, ya 2002, alijirekodia nyumbani kwa kaseti, na mvumo wa tepu unausikia kama manyunyu juu ya makuti. Ya pili akaingia studio Chicago na Brian Deck, mvumo ukaondoka. Wapo waliousikitikia. Mie naona hao walipenda kaseti kuliko mwimbaji! Sikiliza "Naked as We Came": yeye na dada yake Sarah wanaimba kama watu wasiotaka kumwamsha mtoto. Pumzi unaisikia.

Bi Mdogo wa Chake
Fundi, ndani ya meli? Injini inanguruma, watu wanatapika, hiyo pumzi ataisikilia wapi?

Mpiga Udi
Bibie kasema kweli. González kidole gumba chake kizito, hakiachi nyuzi nene tangu mwanzo hadi mwisho, kinapenya. (Msinambie gitaa lake kama udi. Udi hupigwa kwa risha, na shingo yake haina vigawanyo.)

Kinachonikera ni hilo la "anajirudia". Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab cha Zanzibar, wapo tangu 1905, na leo ukumbi bado unangojea nyimbo zile zile. Zikianza tu, watu wanainuka kwenda kutunza. Kwetu anayerudia anapewa pesa, huko anaandikwa vibaya. Halafu si kweli kwamba hakusogea. Ya kwanza, Veneer, ilikuwa na huzuni ya mtu aliye peke yake chumbani. Hii ya pili ina hasira, anaimba ukatili wa binadamu, ila sauti hapandishi. Hata "Teardrop", wimbo wa kundi la Massive Attack, kaivua mitambo yote ikabaki na gitaa.

Fundi Spika
Hasira gani, maneno mawili matatu anayazungusha wimbo mzima! Beam anakupa hadithi, nyimbo 12. Huyo 10, nusu saa na kidogo imekwisha, hamjafika hata Nungwi, ncha ya Unguja.

Mpiga Udi
Ataanza upya. Si ndiyo nasema?

Mtu wa Malindi
Nimeshusha González. Fundi usininunie, Beam nitamsikiliza Wete kwa bibi, usiku umeme ukikatika.

Bi Mdogo wa Chake
Chukua na ndimu, mwanangu. Ukishapita Nungwi utanikumbuka.