Naombeni ushauri: mzee anataka nithibitishe mabadiliko ya tabianchi. Mzigo ni wangu au wake?

Katibu wa Ndiva
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mimi ni katibu wa kamati ya ndiva huku Upareni, wilaya ya Same. Kwa wasioijua, ndiva ni bwawa la jadi la kuchimbwa na kujengwa: maji ya mfereji yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Yetu imejaa tope na ukuta mmoja unavuja. Kikaoni nikaomba tutumie fedha za mfuko kuitengeneza, nikisema vuli haieleweki tena kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi.

Mzee mmoja mstaafu ninayemheshimu sana akasimama. "Kijana wangu, anayedai ndiye anayethibitisha. Vuli mbaya hata babu zetu waliziona." Nikatoa simu, nikaonyesha picha za theluji ya Kilimanjaro, za zamani na za sasa. Akasema barafu ile inaisha kwa ukavu wa hewa, si kwa joto. Nikakosa jibu. Tumeahirisha hadi Jumamosi.

Je, kweli mzigo ni wangu? Shamba la mama liko mwisho wa mfereji. Zamu yake ikifika, maji yanalowesha mistari miwili ya mahindi na kukatika. Naumia.

Wakili Mtanga
Katibu, kwenye kanuni mzee yuko sahihi, usimbishie. Sheria ya Ushahidi ndivyo isemavyo, na madrasa tulifundishwa hivyo hivyo: ushahidi ni juu ya mdai, kiapo ni juu ya anayekana.

Ila mzigo huhama. Mtu akikutwa na ng'ombe aliyeibwa juzi, mahakama inamtaka aeleze alimpataje, hawezi kukaa kimya kwa kuwa hakuanza yeye kudai. Kwa hiyo muulize mzee: waliodai wameshaleta ushahidi, au bado?

Mwalimu wa Fizikia
Wameshaleta, na ni kazi ya zaidi ya miaka 150. Mwaka 1859 John Tyndall alipima maabarani London jinsi hewa ya ukaa na mvuke wa maji vinavyonasa joto. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akapiga hesabu ya joto litakaloongezeka hewa hiyo ikizidi. Charles Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa sehemu kama 315 katika kila milioni. Sasa imepita 420.

Na tunajua inatoka wapi. Makaa ya mawe na mafuta ni mabaki ya viumbe vya kale sana, hayana kaboni-14 kabisa (aina ya kaboni inayoisha yenyewe kadiri miaka inavyopita) na kaboni-13 yake (aina nyingine, nzito kidogo kuliko ya kawaida) ni pungufu. Hewa tunayovuta inazidi kuonyesha alama hiyo.

Mtu atasema ni jua. Setilaiti zinalipima tangu 1978 na nguvu yake haijapanda. Tena lingekuwa jua, tabaka la juu la stratosfea nalo lingepata joto. Linapoa, wakati huku chini kunapanda. Anayekana atuambie ni kitu gani kingine kinachopasha chini na kupoza juu. Hapo mzigo ni wake.

Dada wa Marangu
Kaka, kwenye Kilimanjaro mzee hajakosea sana. Mwaka 1912 barafu ilifunika kama kilomita 12 za mraba, na zaidi ya asilimia 80 imeshatoweka. Lakini watafiti wanataja sana ukavu wa hewa na uhaba wa theluji mpya tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kule kileleni barafu nyingi inageuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Ulimleta shahidi mwenye utata.

Kila dai lina mzigo wake. Kwamba binadamu ameipasha dunia joto, hilo limethibitishwa. Kwamba vuli fulani iliharibika Same kwa sababu hiyo, hilo bado ni lako, na kwa picha za simu hutalimaliza.

Mkulima Huru
Mimi naomba nitofautiane kidogo. Tabianchi isiwe kichaka. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuzoa tope mara ya mwisho mlifanya lini?

Mama Kikoba
Mwanangu, kikao cha maji si mahakama. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992 kuhusu tabianchi unasema penye hatari ya madhara makubwa, kukosa uhakika kamili kusiwe sababu ya kuahirisha hatua. Anayesema tusubiri naye anadai kitu, kwamba kusubiri hakuna hasara. Athibitishe hilo huku ukuta unavuja.

Na usisubiri Jumamosi umshinde mbele za watu. Mfuate nyumbani, ukae umsikilize.

Katibu wa Ndiva
Asanteni sana. Mkulima Huru, ni miaka mitatu bila msaragambo, hilo nakiri. Tope jingi liliingia na mafuriko ya vuli ya 2023.

Jana jioni nilikwenda kwa mzee. Nikamwambia kuhusu barafu alikuwa na hoja. Tukashuka wote hadi ndivani, akaingiza fimbo kwenye tope, ikazama hadi karibu na mkono wake. Suala la joto bado hajakubali, tutaendelea nalo. Ila anauliza: mvua kama ile ikirudi, maji ya ziada yatapitia wapi kutoka bila kubomoa ukuta? Mwenye ujuzi wa kuta za mawe anisaidie kabla ya Jumamosi.