Ati "hapa unalipia ukuta"?! Nimechoka na ile hoteli ya jengo la kale

Mtoto wa Mama: Wakuu, nimetoka huko sasa hivi, hata viatu sijavua. Ile hoteli mnaijua, yenye mlango kama wa ngome. Nimempeleka mama, katimiza miaka 70. Supu imekuja imepoa, mafuta yameganda juu mpaka kijiko kinaacha mfereji. Namwita yule msimamizi (mnamjua, wa tai ya kipepeo), namwambia kwa upole, "Kaka, hii ya baridi." Akaupigapiga ukuta kwa kiganja: "Mheshimiwa, hapa unalipia ukuta."

UKUTA! Mbele ya mama yangu! Mama kaweka kijiko chini polepole, kajifuta mdomo, hakukishika tena.

Sahani kubwa kama ungo, chakula hakimshibishi sisimizi, hayo nimeyameza. Menyu kurasa tatu historia ya jengo, vyakula nusu ukurasa, nimenyamaza. Lakini ukuta? Mama yangu ale chokaa?

Kijiti: Ungeulamba basi, si umeshaulipia 😂😂

Fundi Mawe: Mkuu, tatizo ni jiko. Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unakubali jengo la kale lipewe kazi mpya, ila mpangilio wake usiguswe. Huwezi kutoboa ukuta upitishe bomba la moshi popote utakapo. Jiko linasukumwa huko chini, mhudumu anapanda ngazi nyembamba na sinia. Supu inafika imechoka kuliko yeye.

Mtoto wa Mama: Nimekuelewa, ila kawa halijakatazwa na mkataba wowote. WAFUNIKE! Na yule hakunitajia ngazi. Kaupiga ukuta kofi, kaniambia nalipia ukuta!

Bi Mkubwa: Mpe mama pole. Ila na wewe siku ya mama unaagiza supu?

Zumari: Afadhali yako supu. Sisi meza iliyumba kwenye yale mawe usiku kucha, nimekula huku nimeibana kwa goti.

Msafiri: Uhispania kuna Parador, hoteli za serikali tangu 1928, nyingi makasri na nyumba za watawa. Nilikula moja, supu inatokota mezani.

Kijiti: Haya, keshaanza na safari zake.

Zumari: Tuacheni supu. Vyoo vya majengo hayo nani alivificha? Shemeji kapotea kwenye korido, karudi keki imeshakatwa.

Bi Mkubwa: Kile cha kushuka ngazi mara tatu? Mimi nilitokea stoo ya mashuka!