Kwa nini kampuni changa za teknolojia Kampala hazibaki na waprogramu?

Ntinda256: Wadau, mprogramu akishaiva tu anachukuliwa na kampuni ya nje, analipwa kwa dola huku yupo hapa hapa Kampala. Shida ni mshahara peke yake?

Mhasibu_Jinja: Mshahara ndio unaoonekana. Piga hesabu: mtu wa shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi anakatwa PAYE (kodi ya mshahara) 1,102,000 na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 200,000, anabaki na 2,698,000. Mwajiri anaongeza NSSF 10%, kwa hiyo anamgharimu 4,400,000.

Kinachoua hasa ni mzunguko wa fedha. Ukitoa ankara ya milioni 50 kwenye EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (URA), VAT ni milioni 9, na URA wanaitaka kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, hata kama mteja mkubwa atalipa baada ya siku 90. Akija kulipa, anazuia 6% kama kodi ya zuio na kuipeleka URA, milioni 3 nyingine. Kampuni yenye hasara haina kodi ya mapato ya kufidia hizo milioni 3, basi zinakaa URA kama salio huku mishahara ikilipwa kwa mkopo. Mishahara ikichelewa miezi miwili, nani atabaki?

Ombeni cheti cha msamaha wa kodi ya zuio. Ritani zenu za kodi zikiwa na mapengo, msijisumbue. Biashara ndogo pia inaweza kuomba kulipa VAT pesa ikishaingia.

bando_limeisha: Ongeza sheria za ghafla. Julai 2018 miamala ya simu iliwekewa 1%. Kabla mwaka haujaisha ikawa 0.5% kwenye kutoa pesa tu. OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, ikafutwa 2021, ikaja 12% kwenye bando. Bei unapanga vipi hapo?

Wakili_Mbale: Mshahara wa dola huwezi kushindana nao, toa hisa. Utaratibu wa kawaida ni miaka 4: akiondoka kabla ya mwaka mmoja hapati kitu, akifikisha anapata robo, zinazobaki zinagawanywa kila mwezi. Iwe kwenye mkataba na azimio la bodi, si ahadi ya mdomo. Wekeni na kifungu cha kampuni kuzinunua tena, maana hapa soko la kuziuza halipo. Na kama mwekezaji amewataka msajili kampuni mama Delaware, Marekani, hisa zitoke huko. Za kampuni tanzu ya Kampala ni karatasi tu.

Ntinda256: Na ule msamaha wa kodi wa miaka 3 kwa biashara mpya?

Mhasibu_Jinja: Ni wa biashara za raia zilizoanza baada ya 1 Julai 2025, mtaji usizidi milioni 500. Unagusa kodi ya mapato tu. PAYE na VAT ziko pale pale.